Mteja Wangu Hasikii Tena Nikimbonyeza

Mpendwa Mama Lo, msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini naomba msaada wako kabla ya Jumamosi. Mimi ni mkandaji wa nyayo hapa Tainan, Taiwan, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mteja wangu Bwana Kuo Chin-shui, muuza uji wa samaki, aliletwa kwangu mwaka jana kwa ajili ya kisukari, nyayo zikimwaka moto hata shuka likimgusa analia, na kila nilipombonyeza pale kwenye unyayo tunapofundishwa ni pa kongosho, kiungo kinachotawala sukari mwilini, aliruka kitini na kunitukana, nami nikamwambia kama nilivyoambiwa na mwalimu wangu, panapouma ndipo penye ugonjwa, siku pasipouma ujue umepona. Mwezi wa tatu wa kumkanda akaacha kulalamika. Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole, kimya, nikachukua kijiti cha kukandia, kimya, yeye anasoma gazeti. Nikafurahi, Mama, nikamwambia kongosho lake limepona, akawanunulia chai watu wote dukani, kumbe siku ileile akaacha na dawa za hospitali.

Juzi namvua soksi, imenata. Chini ya kidole gumba pana mwiba wa samaki, umezama wote, usaha umeuzunguka. Nikamuuliza, "Kaka Kuo, huu umeukanyaga lini?"

Akautazama unyayo kama wa mtu mwingine. "Sijui. Labda wiki iliyopita. Utoe tu, dada, uendelee kubonyeza."

Nikautoa. Hakushtuka hata kidogo, mimi ndiye niliyepiga kelele. Akacheka. "Mtu mzima unaogopa mwiba?" Kisha akaniapisha nisimwambie mkewe Shu-e, rafiki yangu, ndiye aliyemleta, eti atamburuta hospitali. Nikisema, nitaonekana mimi ndiye niliyemponza na duka litakufa. Nikinyamaza, Jumamosi anarudi.

Pei-chen

Pei-chen,

Jibu hili nilikusomea kwa simu bila kungoja gazeti. Nalichapisha kwa ajili ya wenzako wenye vijiti mikononi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Unangoja Jumamosi? Usaha haungoji. Mtu aliyekuwa akiruka akiguswa, leo anatembea na mwiba wiki nzima hajui, na ninyi mkasherehekea kwa chai! Hakupona. Mishipa yake ya fahamu imekufa ganzi kwa kisukari.

Najua hukukusudia, na ule moto wa mwanzo huenda kweli mikono yako iliupoza. Lakini kidonda hakijui nia yako, na kiapo cha kuficha usaha mimi sikitambui.

Funga duka sasa hivi. Usimkande, usimtie mguu kwenye maji ya moto. Nenda kibandani kwake anakouzia uji, umwambie mbele ya Shu-e: "Nilikuambia umepona. Nilikosea." Usiyazungushe. Mwende hospitali leo, nyote watatu, na daktari aambiwe dawa ziliachwa lini. Kama mikono yako itarudi kwenye mguu ule, ataamua daktari huyo.

Kuo atakutukana mbele ya wateja wake wote. Mwache akutukane, mradi amesimama kwa miguu miwili.