Mashine Haivuti na Shemeji Bado Ananiamini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambapo hakuna wa kuniuliza mashine imefikia wapi. Naishi kwa mdogo wangu na mke wake, na watu wananiita Mtambo, jina sikujipa, walinipa wenyewe baada ya kufufua jenereta ya hospitali kwa kijiko cha chai, gizani, mpaka daktari mkuu akalia. Sasa mashine ya shemeji ya kufyonza vumbi ikaanza kunguruma bila kuvuta, nikamwambia lete hapa, hizi nimetengeneza za hoteli nzima, moja nilipoimaliza ilimeza pazia na nusura imeze mhudumu. Nikaifungua, nikatoa chujio nikaliosha kwa sabuni nikalirudisha likiwa bado linachuruzika, nikaingiza mpini wa ufagio kwenye bomba nikashindilia mpaka jasho likanitoka, kuwasha, inanguruma vilevile na kunuka kama mbwa aliyenyeshewa, na mimi badala ya kusema nimeshindwa nikasema injini imekufa, hakuna binadamu wa kuifufua.

Shemeji akaniamini, akarudia ufagio. Binti yao ana pumu, zulia likifagiwa anakohoa mpaka anakaa chini, kwa hiyo mama yake akitoka kazini na miguu imevimba anapiga magoti kulipangusa kwa kitambaa cha maji. Jana mtoto kaniuliza, "Baba mkubwa, hii si kama zile za hoteli?" Nikamwambia zile zilikuwa kubwa. Akasema, "Basi hii ndogo ni rahisi," akaendelea kukohoa. Mdogo wangu ameita fundi Jumamosi, akiikuta injini nzima uso wangu nitauweka wapi, nimechoka mshauri, hata kusimulia sina hamu. Nimzuieje huyo fundi?

Mtambo

Bwana Mtambo,

Pole kwa kuchoka. Ila shemeji yako amechoka kukuzidi, na yeye hajajifungia bafuni. Fundi humzuii. Mtoto anabanwa kifua, wewe unaulizia uso.

Injini inayonguruma hivyo haijafa, na nadhani unalijua hilo. Chomoa waya ukutani, toa chujio ulianike mpaka likauke kabisa, hata likichukua siku nzima. Ukiwasha likiwa na maji, injini utaiua kweli. Mfuko wa vumbi ukiwa umejaa, badilisha. Likikauka lirudishe, ondoa bomba, washa, weka kiganja kwenye tundu la mashine. Kikivutwa, palipoziba ni kwenye bomba. Zima, chomoa, angusha gololi ya mtoto ndani ya bomba na ulipapase mpaka uipate iliponasa. Mpini wako umeshindilia uchafu, kwa hiyo sukuma kutoka upande wa pili, polepole, usilitoboe. Na brashi ya chini uipindue, ukate nywele na nyuzi zilizojiviringisha.

Lakini kabla ya hayo, shemeji akirudi leo mwambie: "Injini haijafa, mimi ndiye sikujua palipoziba." Ishia hapo. Hoteli iache. Na mpaka mashine ivute, wa kupiga magoti kwenye zulia ni wewe, mtoto akiwa chumba kingine.

Ikikushinda, Jumamosi mfungulie fundi mlango, mweleze kila ulichogusa, halafu umshikie tochi.