Niliitika Jina ya Bénie

Mama Princesse, nakusalimia wewe na bote bale banakusikilizaka ku radio siku ya posho, ile jumamosi, kandokando ya ziwa Mweru, upande huu na ngambo ya mayi, na ninakuomba unisome mpaka mwisho mbele ya kunihukumu, juu hapa kwetu Nchelenge, upande wa Zambia, batu bengi bamesikia nusu ya habari na bamekwisha kunikatia maneno.

Mi ni mwanamuke wa Kilwa ya Congo, bwana yangu ni Valère, mutu wa kwetu kule, anavukishaka sabuni na vitenge na kurudisha samaki ya kukauka, na tulihamia huku wakati mutoto yetu Bénie alikuwa angali ku mugongo. Tulikuwa na Bénie tu, Mungu hakutupatia mwingine, na sisi hatukulalamika, mutoto mwenyewe alijaza nyumba. Alisoma huku, alisema Kibemba kuliko Kiswahili, na batu bote ku soko bananiitaka Mama Bénie, jina ingine hawaijue.

Mwaka huu masomo yake, ile shule, ilipanga safari ya kupeleka batoto ba gredi ya saba Kitwe, Ndola na Lusaka, na mwalimu Mwenya aliuliza ku kelasi ni mama gani anaweza kufuatana nabo kwa kuangalia basichana, na Bénie hakungoja kuniuliza, alinyanyua mukono akasema mama yangu atakuja, kisha akakimbia mpaka ku soko ya Kashikishi, akanikuta ninageuza samaki, akaniambia, «Mama, tunaenda Lusaka, mi na we.» Nilimugombeza kidogo juu ya ile haraka, lakini nilifurahi kabisa, hata mi sijafikaka Lusaka. Tangu pale kila mangaribi ilikuwa ni safari tu, yeye na baba yake banabishana juu ya lifti, Valère alikaa Lubumbashi wakati wa ujana na yeye anaiitaka asansere, anamwambia ni chumba kidogo, unaingia, mulango unajifunga, ukifunguka uko juu ya mji, na Bénie anasema papa unanidanganya, lazima kuko ngazi mule ndani, nitaenda kuangalia mi mwenyewe kisha nikuje kukuambia.

Hakuenda. Homa ilimushika siku ya yenga tukitoka ku kanisa, tukawaza ni malaria sawa ile ya siku zote, kesho yake tukamupeleka ku hospitali, baganga bakamutia damu, balifanya yote, sina lawama nabo, lakini malaria ilikuwa imekwisha kupanda ku kichwa, hakutujua tena, na akatuacha mchana, inje jua inawaka, batu banauza ndizi ku mulango sawa vile hakuna kitu imetokea. Tulimuzika hapa. Batu balikuja toka ngambo zote mbili, na Delphine, dada mukubwa wa Valère, alivuka toka Kilwa akakaa na sisi, na mpaka leo hajarudi.

Nyuma ya kilio mwalimu Mwenya alikuja nyumbani pamoja na Taonga, msichana alikuwa anakaa na Bénie ku banki moja mu kelasi. Alisimama mu kiwanja, kofia mu mikono, akaniambia kwa upole kama nisijisumbue na safari, masomo itatafuta mama mwingine. Mi sijui ile sauti ilitoka wapi, Mama Princesse, nilisikia tu ninamwambia, «Musitafute mwingine. Nitaenda.» Delphine akashika kichwa. Mangaribi nikamuuliza Valère, alikuwa amekaa ku kiti yake, uso ku ukuta, sawa vile alikaa tangu maziko, na yeye akanijibu, «Fanya vile unaona.» Nikachukua ile sawa ruhusa. Nikafunga nguo zangu.

Mu bisi batoto baliimba tangu Nchelenge, kisha mbele ya kufika Mansa moja akageuka akaniona, bakanyamaza bote, na mi nikabaambia baimbe, nikabaanzishia mi mwenyewe. Tukavuka daraja ya Chembe, ile barabara inakata kidogo mu inchi yetu ya Congo mbele ya kutokea Mufulira, nikaona udongo wetu mu dirisha na nikalia pole pole, halafu msichana moja akaanza kutapika na ikanibidi niache kulia. Njo vile ilikuwa safari yote, huyu anatapika, ule amepoteza shati, mwingine anataka nimusuke nywele, na mikono yangu ambayo tangu kaburi ilikuwa inalala tu juu ya magoti, ikapata tena kazi.

Sasa hapa njo panaleta maneno. Kila fasi tulisimama, mbele ya bisi kuondoka, mwalimu Mwenya alikuwa anaita majina kwa kuhakikisha hakuna mutoto anabaki. Kule Lusaka, tulikuwa tumetoka kuangalia musée, ile nyumba ya vitu vya zamani, alikuwa amechoka, akaita majina bila kuwaza, akafika fasi ya Bénie ku karatasi na akaita, «Bénie Kisimba.» Batoto bakainamisha vichwa. Mwalimu akajifunga kinywa na mukono. Na mi, toka nyuma ya bisi, nikasema, «Niko.»

Mwalimu aliendelea na jina lenye kufuata. Kesho yake aliruka jina ya Bénie, na Taonga akasimama, akamwambia kwa heshima, «Mwalimu, hamujaita Bénie.» Basi akaita, nikaitika, na toka pale ilikuwa vile ku kila kituo. Tuliingia ku nyumba ndefu yenye lifti, Taonga akanishika mukono, mulango ikajifunga, tumbo ikabaki chini na sisi tukapanda, na niliangalia vizuri kama kuko ngazi mule ndani, hakuna. Mama Princesse, sitakudanganya, mu ile bisi, kila mara nilisema niko, nilisikia sawa mutu amenitula muzigo kidogo, kisha ananirudishia.

Tulipofika Nchelenge mwalimu aliita majina mara ya mwisho, milango wazi, wazazi bamejaa inje. Akaita Bénie Kisimba, nikaitika. Na nikiinua macho naona Valère amesimama kati ya bale wazazi. Alikuwa amekuja kunipokea. Alikuwa amenyoa ndevu, tangu maziko hakugusa wembe. Aliniangalia kidogo, kisha akageuka akaenda, na mi nikabeba mufuko yangu peke yangu mpaka nyumbani.

Nilimukuta ku ile kiti. Akaniambia, «Kila asubuhi ninaita ile jina humu ndani. Hakuna mutu anaitika. Sasa we ulikuwa unaitikia nani?» Nikageuka, nikaenda kufungua mufuko yangu. Tangu pale hatusemezani, anakula, anatoka, anarudi. Delphine anasema niliita mzimu wa mutoto, ku soko banasema nilienda kula raha mu miji mikubwa na udongo ya kaburi ingali mubichi. Valère amesema anarudi Kilwa na dada yake, akimaliza kuuza ile samaki iko ku stoo. Na Delphine ameniambia bwana yangu atabaki tu kama mi nasimama mbele ya jamaa na pasta na kusema kama nilifanya zambi kuitika lile jina.

Mama, bwana yangu ninamupenda, sina mutu mwingine. Lakini nikisema ilikuwa zambi, nitakuwa ninasema uongo, juu tangu mutoto yangu alikufa ile njo wakati moja tu nilikuwa muzima. Nisimame niseme uongo ili bwana abaki, ama ninyamaze aende? Nisaidie.

Mama Bénie, Kashikishi


Jibu la Mama Princesse

Mama Bénie, pole. Pole kwa mutoto, na pole kwa ile bisi iliyofika nyumbani na kukutelemusha katika upweke mwingine. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, na sikuweza kufika mwisho wake, nikampa binti yangu amalizie.

Sasa tuseme. Hutasimama mbele ya pasta wala mbele ya jamaa. Mama aliyeitika jina la mutoto wake hakuita mzimu. Alifanya kitu ambacho mama hufanya mutoto wake akiitwa na hayuko: anajibu kwa niaba yake. Kama Mungu hakuelewa «niko» yako, basi mimi simjui huyo Mungu. Na watu wa soko, waache. Hawakuona yale matapishi uliyosafisha njiani, wameona tu neno Lusaka.

Dada Delphine, najua unasikiliza, maana siku ya posho Nchelenge yote inasikiliza. Ulivuka mayi kuja kumlilia mutoto wa ndugu yako, na hilo ni jambo jema. Lakini kuweka masharti kati ya mume na muke waliozika mutoto wao mumoja, hilo hapana. Kazi yako ya sasa ni kuwapikia na kutoka inje wakati wanasemezana.

Nakurudia wewe, Mama Bénie, na hapa nitakugombeza, kwa sababu uliniomba nikusome mpaka mwisho na nimekusikia mpaka mwisho. Mwanaume amekaa anaangalia ukuta, anakuambia «fanya vile unaona», na wewe unaita ile ruhusa. Wewe ni muke wake wa miaka mingi. Ulijua vizuri kwamba ile haikuwa ruhusa, ilikuwa mutu aliyekosa nguvu ya kukuomba ubaki. Ulitaka kwenda, ukasikia kile ulichotaka kusikia. Kwenda hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba hukumwangalia usoni mbele ya kuondoka.

Fikiria jambo hili. Wewe ulikuwa na bisi nzima ya watoto, na nywele za kusuka, na Taonga wa kukushika mukono. Yeye alikuwa na nani? Alibaki na nyumba na dada anayelia. Wewe kule uliitika kati ya watu waliomjua Bénie, na yeye humu ndani aliita peke yake. Halafu akapata nguvu, akanyoa, akaja kukupokea, na kitu cha kwanza alichosikia ni kwamba kilio chenu wawili, wewe ulikuwa umekipeleka kukilia na wengine. Hakukasirika kwa sababu ya mizimu, Mama. Hiyo ni ya Delphine. Yeye alikuuliza swali, na swali lake lilikuwa la kweli, na wewe ukanyamaza.

Na angalia unavyofanya mpaka leo. Umeniandikia mimi, mutu usiyemujua, mambo ya lifti, na kwamba hakuna ngazi ndani. Valère umemwambia? Hukumwambia. Mutoto wake alimwahidi kumletea ile habari, wewe ndiye uliyeibeba, na umeileta kwenye radio.

Basi, fanya hivi, na usikawie. Mwombe Delphine aende kwa jirani hata kama atanuna. Kaa chini karibu na kile kiti, si mbele yake, kando yake, maana mutu mwenye uchungu hapendi kuangaliwa. Anza na musamaha, lakini musamaha wa kweli: mwambie, nisamehe kwa kukuacha peke yako. Usiombe musamaha wa ile «niko», usichoona ni kosa usikitubu, atajua unamudanganya na itakuwa mbaya zaidi. Kisha mwambie safari yote. Mwambie ulivyoona udongo wa kwenu dirishani, mwambie Taonga alivyosimama akamwambia mwalimu hamujaita Bénie. Huyo ni baba yake, ana haki ya kujua kwamba kelasi nzima ilikataa mutoto wake aachwe. Kama hatakujibu siku hiyo, usimulazimishe, na usilie kwa kumuonyesha. Siku inayofuata mwambie tena kilichobaki. Na asubuhi akiita lile jina ndani ya nyumba, wewe usiitike. Lile «niko» lilikuwa la bisi. Nyumbani nenda ukae naye, muite pamoja, na mukae pamoja ndani ya ule ukimya. Ndio muzigo wenyewe, na haufai mutu mumoja.

Mwalimu Mwenya na Taonga, waite siku moja waje kula kwenu, Valère akiwepo. Asisikie habari za mutoto wake kutoka midomo ya soko.

Na kama hata hivyo atataka kwenda Kilwa, usimuzuie, na usisimame kando ya mayi kumwangalia akiondoka. Funga nguo zako kama ulivyozifunga kwa ile safari nyingine, panda naye, hata kama hajakuita. Mulilie mutoto wenu kule kwa wazazi wa Valère, wawili. Halafu murudi wawili, maana kaburi liko Nchelenge, na majani yanaota haraka juu yake.