Siku Mbili za Jembe

Alhamisi

Nimeandika sifuri, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki nzima nazunguka na karatasi za maswali. Kila nyumba naiuliza: mko tayari kutoa shilingi ngapi kwa mwezi ili malori ya machimbo na vumbi lake yasipite hapa? Njia itapelekwa upande utakaotaja kidogo, ama huku kwetu Kakuyuni, ama kwenye majumba ya ufuoni.

Leo nilifika kwa Mama Kadzo, jirani yetu, ambaye mwanawe ana pumu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hewa nayo inauzwa siku hizi? Haya, nipimie kibaba!"

Kisha akatulia. "Shilingi sina, mwanangu. Niandikie siku mbili za jembe kila wiki, kwenye shamba lolote watakalo."

Nikaandika hivyo. Msimamizi wa utafiti huu alipoisoma karatasi, akalikata jibu hilo. "Binti, hapa ni pa shilingi. Kama hana, weka sifuri."

Nilitaka kumwambia kwamba bwana mmoja wa ufuoni niliyemhoji juzi alitaja elfu tano bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake, na Mama Kadzo ametoa siku mbili katika saba. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikasema, "Sawa, bwana," nikaweka sifuri.

Kesho ni nyumba yetu. Mama ameniuliza ataje ngapi.

Nimemwambia ataje anachoweza. Nakijua anachoweza.