Mzee Aliyekwenda Kuita Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mtu mzima hana haya. Miaka ishirini na mbili hajanipigia simu, hata mume wangu alipofariki sikuiona salamu yake. Leo saa mbili asubuhi: "Mama yangu kipenzi." Kipenzi cha nani? Nimemwambia mwongozaji wetu wa zamani hivyo hivyo. Kama ulinisahau endelea kunisahau, kazi hiyo umeshaizoea. Akacheka. Alidhani naigiza.

Wanataka kuturudisha. Wote tuliobaki wa kile kipindi chetu cha vichekesho, siku moja studioni, turekodi sehemu ya mwisho. Maana kipindi hakikuisha, kilikatwa. Kituo cha televisheni kilipata mmiliki mpya, tukaambiwa kesho msije. Na wiki ile mume wangu wa kwenye kipindi, Bwana Udhuru, alikuwa ametoka kwenda kuita fundi wa bomba. "Narudi sasa hivi." Basi. Hadi leo. Sokoni wananiuliza: Bi Makali, mzee kaja na fundi? Nawajibu, kamuulizeni mama yenu, huenda yuko kwake.

Nacheka nao, lakini linanikera. Watu wameoa, wamezaa, wamezika, na bado wanamsubiri yule mzee.

Nimesema nitakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumwona Bwana Udhuru mwenyewe. Anakaa kwa binti yake, yule mwalimu. Nilisikia anaumwa maradhi ya kusahau, nikasema ni uzee tu. Si uzee tu. Amekaa dirishani, vifungo vya shati vimepishana, ananitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita. Akaniambia karibu, ila umeme umekatika. Taa inawaka juu ya kichwa chake. Adabu bado anayo.

Huyu ndiye aliyekuwa macho yangu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, maandishi ya mashine yalinishinda. Kila asubuhi kabla ya kurekodi alinisomea ukurasa mzima, maneno yake, yangu na ya jirani, mara mbili, nikayashika kwa sikio. Miaka sita. Hakumwambia mtu hata mmoja. Ndiyo maana maneno yake nayajua kuliko yangu.

Binti kasema mwongozaji hakumwalika baba yake. Kauliza hali kwa simu, kasema pole, kakata.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi za igizo zimekuja. Siku hizi nasoma, lakini polepole, na herufi zao ni ndogo kama chawa. Mjukuu wangu amenisomea.

Wamemuua Bwana Udhuru. Picha yake ukutani na maua. Mimi napokea barua ya msiba, nalia. Jirani naye analia. Halafu binti yetu anaolewa, mvivu anapata kazi, mmbea anaomba msamaha, tunakumbatiana wote sebuleni. Kila mtu kafungiwa kifurushi chake, aende nacho. Mjukuu kalia mpaka kamasi.

"Bibi, ni igizo tu."

Mtu anakunywa chai kwa binti yake, mimi nivae nyeusi? Huo si msiba, ni matusi.

Sahani zote za nyumba hii nimeziosha mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Studioni. Mvivu amenenepa, meno ya mbele mapya. Mmbea anatembea na fimbo, bado mmbea. Wengine wawili hawapo na hawatakuwapo.

Mwandishi ni msichana wa miwani mikubwa, mpole. Anasema watazamaji wanataka kujua kila mtu aliishia wapi. Nikamuuliza, ulipokuwa mtoto ulikitazama? Ndiyo, kila Ijumaa. Ulitaka nini? Kafikiri. Kasema alitaka yule mzee aingie, mimi nimgombeze, basi, ajue nyumba bado ipo. Haya, nikamwambia, hukuniuliza mimi, umejijibu. Andika hilo.

Mwongozaji: akisahau?

Nitamshikia maneno.

Akikwama?

Nitamgombeza mpaka akwamuke.

Mvivu alicheka. Halafu wote wakatazama sakafu. Kumbe kila mmoja alijua mzee anaumwa, na hakuna aliyekwenda. Mwongozaji kakubali shingo upande. Jumanne saa nne, mara moja tu. Isipofaa tunarudi kwenye picha na maua.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi kwa binti yake. Bure kabisa. "Mke wangu, fundi nimempata." Mara ishirini nimemtamkia. Anafika "mke wangu", yanamwishia hapo.

Nikakasirika, nikasahau nimefuata nini. Nikamwambia, na hiyo chai unaimwagia suruali, umelewa? Bila hata kunitazama: "Kikombe ndicho kimelewa. Mimi nakishikilia kisianguke."

Binti akaacha kufua, povu mikononi. Maneno hayo hayamo kwenye ukurasa wowote. Kayatunga pale pale, kama zamani.

Basi sina haja ya karatasi. Nitamgombeza, atajibu. Kwa kugombeza mimi nina shahada.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Goti linauma. Najiuliza namrudisha kwa ajili yake au kwa ajili yangu, nisiulizwe tena sokoni. Sijajijibu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye chumba cha kuvalia. Gauni la Bi Makali bado mwilini, linanibana kwapani.

Wameijenga sebule ile ile. Kochi la kijani, kabati la vyombo, mlango wa jikoni ambao nyuma yake hakuna jiko, mbao tu na nyaya. Binti kamleta amenyolewa vizuri. Mlango ukafunguliwa, akaingia. Nikaanza. Miaka ishirini na mbili, fundi yuko wapi?

"Nilimkuta anakula. Ulitaka nimkatize mtu na tonge mkononi?"

Wapiga picha walishindwa kujizuia. Nikamwandama, akanijibu, nikamwandama. Dakika tano, sita. Sijawahi kuigiza vizuri vile, hata enzi zetu. Mwongozaji anafuta machozi ya kicheko.

Halafu mzee akaitazama sebule yote. Akavua viatu, akavipanga kando ya kochi, kama mtu aliyefika kwake. Akauliza kwa sauti yake mwenyewe, ile ya Bwana Udhuru imekwisha.

"Mama watoto yuko wapi?"

Nikadhani ni kichekesho. Nikamwambia, ndiye huyu mbele yako. Akatikisa kichwa, kwa heshima. "Hapana, dada. Mke wangu." Akaenda kufungua mlango wa jikoni. Akaziona mbao. Akamwita mkewe wa kweli kwa jina, mara tatu. Marehemu huyo, mwaka wa nane sasa.

Hakuna aliyesema kata. Akarudi, akaketi, akanitazama. Anangoja. Na mimi niliyegombeza watu maisha yangu yote nikampa mgongo. Nikatoka.

Mwongozaji kanifuata mbio, macho mekundu. Ndiyo tamati hiyo, Mama. Hatuongezi kitu. Nchi nzima italia.

Futa, nikamwambia. Mzee alikuja kuchekesha watu. Hakuja kulia mbele yao. Futa nikiona.

Kumbe binti yake yuko mlangoni.

"Shangazi, wasifute." Sauti chini. "Miaka mitatu ananiuliza swali hilo kila siku, tuko wawili tu ndani. Wote wale waliokuwa wakimshangilia barabarani, hakuna aliyebisha hodi. Hata wewe umeanza kuja Jumatano iliyopita tu. Acha wamwone alivyo."

Nimekosa pa kushika. Mtoto kasema kweli. Wakionyesha, aliyemvua nguo mbele za watu ni mimi, maana ndiye niliyemleta. Wakifuta, anayemficha tena ni mimi.

Wanabishana koridoni. Mwongozaji anataja machozi ya watu, binti anataja miaka, mwandishi analia. Mpambaji kapita kuchukua poda. Kasema mzee bado yuko kwenye kochi, soksi tu miguuni, kila anayepita anamuuliza mkewe yuko wapi. Wanamwambia anakuja, Mzee, anakuja sasa hivi.

Wajinga. Wanamfanya mzee amngoje mtu aliyekufa.

Kufuta au kutofuta, hilo lingoje. Nimemwita mwandishi, nimemwambia afute kamasi na apeleke maneno yangu ndani kama yalivyo. Kamera zizimwe zote. Simu pia. Watu watoke, binti abaki. Kiti kiwekwe karibu na mzee, upande wa sikio linalosikia, nakuja kumwambia aliko mkewe.