Diski Waliyosema Imekufa

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Sironga tu wazima, chai tunachuma. Umeuliza kama uzime vidhibiti vya diski za zamani, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuzisoma, unapounda kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta yako, kwa kuwa hakuna anayezitumia.

Nyimbo za kwaya ya marehemu nyanya yako zilikuwa kwenye diski ya zamani ya kompyuta ya kanisa. Fundi akaja, akaunda kerneli mpya, akavizima hivyo vidhibiti. Kompyuta ikawaka bila kuiona diski. “Hii imekufa, mzee,” akasema, akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu kule Daraja Mbili. Diski ilikuwa nzima! Angevirudisha tu, ingesomeka.

Zima ukitaka. Mimi kila Sabato naitafuta sauti ya nyanya yako kichwani, inakuja ya mtu mwingine.

Babu yako