Ndama wa Mugoma

Jumanne. Ukungu umekaa juu ya vilima vya Murukulazo tangu alfajiri, na nguo nilizoanika jana bado zina maji.

Zakaria anaondoka katika ndoa yetu kwa ukarimu, na ukarimu huo ndio unaonitia wasiwasi.

Wiki iliyopita, mbele ya baraza la usuluhishi la kata, alisimama akasema nyumba iwe yangu, na shamba la migomba pia. Yeye atachukua baiskeli, redio na ng'ombe wawili walioko zizini, ahamie Biharamulo kwa yule mwanamke wake mwingine. Wazee wakampongeza. Wifi yangu alinicheka njia nzima: "Wewe mwalimu, hata ukipewa pepo utaomba kwanza uione ramani yake."

Nilicheka pia. Lakini namfahamu Zakaria. Aliwahi kununiana na ndugu yake msimu mzima kwa sababu ya mpini wa jembe.

Nieleze kidogo, maana wengi hawajui. Baraza likishindwa kuwapatanisha, shauri huenda mahakamani, na hakimu hugawa kile ambacho wawili wamekichuma pamoja. Kupika, kulea na kulima navyo ni kuchuma.

Ila hakimu hawezi kugawa asichoonyeshwa.

Miaka ile wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara, Zakaria aliendesha lori la maji kambini, nami baada ya vipindi niliuza unga wa muhogo kando ya barabara. Baadhi yao walivuka na mifugo na hawakuwa na pa kuichunga. Tukanunua mitamba watatu. Mmoja wao, mwekundu wa kukoza, nilimwita Bihogo. Zizi letu lilikuwa dogo, kwa hiyo Zakaria akawaweka kwa mtu, kama ilivyo desturi huku: mtunzaji hunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe.

Baada ya muda akaniambia wote wamekufa kwa ndigana, homa ya kupe. Desturi hiyohiyo inataka ng'ombe akifa, mwenyewe aletewe ngozi. Ngozi hazikuja. Alisema bwana mifugo aliamuru wazikwe nazo.

Nilimlilia Bihogo.

Leo asubuhi amekuja mtu nisiyemjua, Leonidas wa Mugoma, mtoto wa familia iliyotoka Burundi zamani. Mkononi ana galoni ya pombe ya ndizi.

"Shikamoo, mama. Nimewaletea habari. Ng'ombe wenu amezaa jike, jekundu kabisa."

Nikamwitikia, nikampa kiti, kana kwamba habari hiyo nilikuwa naingoja. Baba yake ndiye aliyekuwa mtunzaji. Amefariki mwaka huu na kumwachia zizi.

"Marehemu alikuwa anakutana na mzee Zakaria kule yanakosimama malori," akasema. "Mimi nikaona si adabu. Habari ya ndama huletwa nyumbani."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Na wengine hawajambo?"

"Hawajambo. Zizi limejaa, mama. Majirani wananiita tajiri wa mali ya watu." Akacheka peke yake. Kisha akasema kwa kuwa mzee hayupo, mimi nimpe ndama jina. Huku jina hutolewa na mwenye ng'ombe.

Nikasema aitwe Bihogo.

Hapo ndipo nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: watoto wake watakosa maziwa? Nikamwambia nikipata haki yangu, ng'ombe wangu watabaki palepale walipo. Ameahidi kuja mahakamani Alhamisi, shauri letu litakaposikilizwa.

Sijui kama atafika. Zakaria ana miguu myepesi na maneno matamu, na Mugoma si mbali. Ndiyo maana andiko hili nitaliweka mtandaoni Alhamisi jioni, si kabla. Wajukuu humsomea babu yao kila ninachoandika.

Sasa najiuliza pia kuhusu lile shamba alilosema aliliuza, na yale mabati ya Mabawe aliyosema yameibwa. Mtu akishakuzikia ng'ombe walio hai, utaamini kaburi gani?

Lakini Alhamisi sitamwita mwongo. Nitaomba tu Leonidas asimame, aulizwe ndama anaitwaje. Naye akijibu, mimi nitakuwa namtazama Zakaria.