Sigara ya Ijumaa

Wodini, Chake Chake

Kwa kaka yangu Hafidh,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Yumna na watoto, na mihogo ya hapo Kengeja imekubali mwaka huu. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Usingizi umerudi, zile sauti zimenipungukia, na dawa nameza bila kusukumwa.

Salamu zako mwanao Nahla kanifikishia. Kasema ati umesikia sigara zimepigwa marufuku huku, na huoni tena haja ya kupanda gari kila Ijumaa, kwani utaniletea nini? Maneno hayo yamenikosesha raha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni kweli zimepigwa marufuku. Bi Asya, muuguzi wetu, alitukalisha pamoja akatueleza kuwa kuvuta wodini mwisho, na uani pia mwisho. Lo, palizuka zogo! Mzee Pandu akalalamika kwamba alipoingia alinyang'anywa simu, akanyang'anywa mkanda, sasa hata hicho kimoja kinachompumzisha? Haitham naye, mwenye pumu, akamshukuru Mungu, akasema tangu aje analala ndani ya moshi wa wengine na hapana aliyemuuliza. Wote wawili wana haki, ndiyo tabu yake.

Lakini aliyepiga kelele kushinda wote ni mimi. Nilibishana mpaka koo likanikauka, hata Bi Asya akaniomba nikae chini. Wenzangu wakacheka sana, maana wanalijua nisilokwambia wewe.

Kaka, mimi sigara niliacha tangu Ramadhani. Kifua kilizikataa. Paketi zako nampa Mzee Pandu, naye ananiombea dua mpaka naona haya. Ninayovuta ni ile moja tu, mbele yako pale benchini uani, na wallahi naivuta huku roho inanichafuka. Nimekuchunguza, kaka. Nikiiwasha, unakaa, unanihadithia habari za nyumbani. Ikimalizika, unapangusa kanzu yako unaondoka. Basi naivuta polepole, yakhe, mpaka inaniunguza vidole.

Sasa haipo tena, nami naogopa.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie nimeukumbuka mkate wake wa kumimina, ingawa si lazima. Ijumaa nitakuwa pale pale benchini. Njoo mikono mitupu, ukae.

Ni mimi mdogo wako,
Mjaka